Bulabo: Ua Lililogeuka Ngoma

Mwezi wa sita Geita ni mwezi wa vumbi. Mvua zimekwisha, mahindi yameingia ghalani, na aliyelima pamba anahesabu siku za kupeleka magunia kuuzwa. Ndipo maneno yanapoanza kusikika stendi na sokoni kwamba fulani na wenzake wanavuka kwenda Kisesa, karibu na Mwanza, wanakwenda Bulabo. Mtoto aliyezaliwa mjini, ambaye Kisukuma chake ni cha kuokoteza, akiuliza Bulabo ni nini, ataambiwa kuwa ni ngoma. Akimgeukia bibi yake na kumuuliza neno lenyewe maana yake nini, bibi atamjibu kuwa bulabo ni maua.

Wote wawili wamemjibu sawasawa, na hapo ndipo mtoto anapochanganyikiwa. Ngoma za Kisukuma anazijua: wanaume wenye majembe, nyoka mabegani, kishindo cha ng'oma kubwa, yaani ngoma ya kupigwa. Maua yako wapi? Ili kumjibu, inatupasa kufuata historia mbili zilizoanza mbali sana moja na nyingine, moja Ulaya na moja kusini mwa Ziwa Viktoria, hadi zilipokutana kwenye uwanja mmoja.

Tuanze na neno. Bulabo ni neno la Kibantu, wala halikuja na mgeni yeyote. Kiambishi chake bu- ni kilekile ambacho Kiswahili kimekipunguza kikabaki u-, kwa hiyo ugali wetu Wasukuma huuita bugali. Mzizi wake una ndugu magharibi: Mnyarwanda huliita ua ururabo, na kuchanua hukuita kurabya. Maneno yanayofanana hivi katika lugha mbili zinazotenganishwa na mamia ya kilomita hutokana na urithi wa zamani, kwa hiyo watu wa huku walikuwa na jina la ua karne nyingi kabla ya misheni, kabla ya pamba na kabla ya dhahabu. Hawakuwa na sikukuu yenye jina hilo.

Sikukuu ilianzia Liège, mji ulio katika Ubelgiji ya leo. Mtawa mmoja wa huko, Juliana, alisimulia kwamba tangu ujana wake alikuwa akioneshwa mwezi mpevu wenye doa jeusi, na akafahamu kuwa doa lile lilikuwa pengo katika kalenda ya Kanisa, yaani kukosekana kwa siku maalumu ya kuiheshimu Ekaristi. Askofu wa Liège aliiagiza sikukuu hiyo katika jimbo lake mwaka 1246. Padri mmoja aliyewahi kuhudumu Liège akaja kuwa Papa Urban IV, naye mwaka 1264 akaiagiza kwa Kanisa zima la Magharibi. Ilipangiwa Alhamisi inayofuata Jumapili ya Utatu Mtakatifu, siku 60 baada ya Pasaka, na kwa kuwa Pasaka huhama kila mwaka, sikukuu hii nayo huangukia kati ya mwishoni mwa Mei na siku za mwisho za Juni.

Tarehe hiyo ndiyo iliyoleta maua. Ulaya, Juni ni mwezi wa waridi, na bustani zote zimechanua. Sikukuu ilipoanza kuadhimishwa kwa maandamano, padri akiibeba Ekaristi chini ya kitambaa cha heshima na watu wakimfuata barabarani, waumini waliipamba njia kwa kile ambacho msimu uliwapa. Watoto walitangulia wakimwaga petali. Genzano, mji ulio karibu na Roma, tangu karne ya 18 hufunika barabara nzima kwa zulia la maua, padri akapita juu yake. Desturi hiyo ilivuka bahari na walowezi wa Kifaransa hadi Québec, Kanada, na huko pia maandamano ya siku hiyo yakawa tukio kubwa la mwaka katika kila parokia. Msomaji aikumbuke Québec, maana tutairudia.

Sasa turudi ziwani. Katikati ya karne ya 19, masimulizi ya Wasukuma yanasema, waliishi waganga wawili waliokuwa pia wachezaji hodari, Ngika na Gumha. Kila mmoja alidai kumzidi mwenzake kwa dawa na kwa ngoma. Ugomvi wao ulimalizwa uwanjani: wacheze, na watu waamue. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na mpaka leo kundi la ngoma la Kisukuma linalojiheshimu lazima liwe upande mmoja kati ya hizo mbili.

Inafaa kukaa kidogo kwenye sheria za mashindano hayo, kwa kuwa ndizo zinazoeleza mengi ya baadaye. Makundi mawili hayachezi kwa zamu. Yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na hakuna majaji wa kukaa mezani. Watazamaji wenyewe ndio kura. Mtu akichoshwa na upande huu anahamia ule, na kundi lililojaza watu wengi zaidi ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila ningi, yaani kiongozi na mtunzi ambaye kwa Kiswahili tungemwita manju, anashindana na mwenzake ambaye hata hamwoni vizuri kwa sababu ya umati, lakini anaihisi nguvu yake pale watu wanapoanza kumponyoka. Lazima abuni kitu. Bagalu walijulikana kwa bugobogobo, ngoma ya wakulima wanaorusha majembe hewani na kuyadaka bila kupoteza mapigo. Chama cha Bayeye kilileta chatu, na hakuna anayehama mahali ambapo nyoka wa ukubwa huo anafunguliwa. Wawindaji wa nungunungu walikuwa na mchezo wao. Wengine walicheza wigashe, ngoma ya kuketi, ambayo nguvu yake yote iko kwenye sauti na mikono. Nyuma ya haya yote kulikuwa na dawa za mvuto, ambazo kila upande uliamini kuwa ndizo hasa zinazoleta watu.

Wakati wa mashindano ulijipanga wenyewe. Kuanzia Novemba hadi Mei mtu yuko shambani. Chakula kikishavunwa, vyombo vya pombe vimejaa na vijana wana nafasi, ngoma zinaanza, nazo huendelea mpaka mvua za kwanza zirudi. Mwanzo wa msimu huo ni Juni.

Wamisionari wa Afrika, ambao watu waliwaita Mapadri Weupe kwa kanzu zao, walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuwa wamefika Ushirombo, ambayo leo imo katika Wilaya ya Bukombe mkoani Geita. Walikuja na kalenda yao yote, pamoja na maandamano ya Ekaristi. Walikuja pia na mashaka makubwa juu ya ngoma. Palipokuwa na ngoma walikuta dawa, pombe na usiku, na kwa wengi wao hayo matatu yalitosha kuifanya dhambi. Mkristo mpya alitarajiwa kuuacha uwanja. Hivyo kwa miongo kadhaa Juni ya Usukuma ilikuwa na mikusanyiko miwili isiyosalimiana, maandamano ya misheni na ngoma ya kijijini, na wako waliohudhuria wa kwanza asubuhi na wa pili jioni bila kumwambia padri.

Jina lilizaliwa katika mkusanyiko wa kwanza. Jina la Kilatini la sikukuu hii maana yake ni Mwili wa Kristo, na katekista angeweza kulifafanua kwa saa nzima. Lakini watu huiita siku kwa kile walichokishika mkononi. Kiswahili cha kanisani kina Jumapili ya Matawi na Jumatano ya Majivu, na kote kuwili kitu kinachoonekana kimelishinda fumbo lenyewe. Wahispania walifanya vivyo hivyo kwa Pasaka, wakaiita Pasaka ya Maua, na Juan Ponce de León alipotia nanga kwenye nchi asiyoijua siku chache baada ya Pasaka ya mwaka 1513, akaiita Florida. Wasukuma waliona watoto na akina mama wakikusanya maua, wakipamba njia na kuyamwaga mbele ya padri. Wakaiita siku ile Bulabo.

Yapo maelezo mengine, nayo yanastahili kupimwa. Ya kwanza, ambayo mtu huyasikia hasa kwa vijana wapenda mila, ni kwamba Bulabo ni sikukuu ya kale ya mavuno iliyokuwa na jina hilo tangu enzi za watemi, na wamisionari waliiteka tu. Maelezo haya yana ukweli nusu: sherehe za mavuno zilikuwapo, na mashindano ya Bagika na Bagalu yaliutangulia msalaba huku. Tatizo lake ni jina. Juni si mwezi wa maua Usukumani. Pamba, zao ambalo mtu angelifikiria kwanza, huchanua karibu na Januari hadi Machi, ua lake likiwa jeupe leo na la waridi kesho. Ifikapo Juni ua limesahauliwa, na kilichobaki kwenye mti ni tumba lililopasuka. Mahindi na mtama navyo vimekwisha kukauka. Watu waliokuwa na hiari ya kuipa jina sikukuu yao ya mavuno wangeipa jina la nafaka, la ghala au la pombe. Maua ya Juni, katika nchi kavu kama hii, ni maua yaliyotafutwa kwa makusudi, na aliyekuwa na sababu ya kuyatafuta ni yule aliyefuata kalenda iliyotungwa kwenye nchi ambako Juni huchanua.

Maelezo ya pili husema kuwa maua hapa ni fumbo la heshima, kwamba kumpa mchezaji maua ni kumsifu. Hili nalikataa bila kusitasita. Msemo wa "apewe maua yake", ambao siku hizi hauishi redioni na mitandaoni kila mchezaji anapofunga bao, ni tafsiri ya msemo wa Wamarekani Weusi wenye mizizi katika nyimbo za injili, uliotaka mtu ashukuriwe angali hai badala ya kuwekewa mashada kaburini. Ni msemo mzuri, lakini ni mgeni wa majuzi. Bulabo lilikwisha kuwa jina la sikukuu zamani, wakati hakuna aliyekuwa anampa mtu maua yake.

Kwa hiyo naona ni salama kusema kwamba jina lina umri mmoja na ngoma ina umri mwingine. Swali linalobaki ni jinsi vilivyoungana, na jibu lake ni mtu mmoja kutoka Québec.

David Clement alikuwa padri wa shirika lilelile la Mapadri Weupe. Mwaka 1952 alianzisha parokia ya Bujora, juu ya vilima vya Kisesa, karibu kilomita 20 kutoka Mwanza kwa barabara ya Musoma. Wasukuma walimpa jina la Fumbuka, na jina hilo likamganda. Tofauti na waliomtangulia, hakuanza kwa kukataza. Alikusanya wazee, akauliza, akaandika. Alitaka kujua nyimbo zimetungwaje, ngoma ni za nani, na kiti cha ntemi, yaani mtemi, kina maana gani. Kanisa alilolijenga mwaka 1958 ni la mviringo kama nyumba ya Kisukuma. Alama za ntemi zikahamia ndani yake ili kumweleza Kristo Mfalme kwa watu waliomjua mfalme kwa ng'oma yake na kiti chake. Nyimbo za ibada zikachukua mahadhi ya huku. Tukumbuke kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake juu ya liturujia, iliyofungua mlango wa lugha na muziki wa wenyeji, Desemba 1963. Bujora ilikuwa imeanza miaka kumi na moja kabla.

Katika mazingira hayo maandamano ya Ekaristi yalibadilika sura. Mfalme anayetoka hadharani Usukumani hatoki kimyakimya. Hutanguliwa na ng'oma na wachezaji. Ikiwa Ekaristi ni mfalme anayetembea miongoni mwa watu wake, basi kuwaacha wachezaji nje ya geti kungekuwa kumnyima heshima. Clement aliwaita ndani. Tena ipo sababu ya kawaida kabisa: waumini walitoka mbali kwa miguu, msimu wa shamba umekwisha, na umati wa namna hiyo ukishakusanyika kwenye kilima Juni, Bagika na Bagalu watajitokeza hata wasipoalikwa. Afadhali waalikwe. Baada ya Misa na maandamano, uwanja ukawa wao, kwa sheria zao zilezile za kuhesabu watu. Sherehe ya siku moja ikarefuka, ikaingia juma la pili.

Hapo ndipo neno lilipovuka. Mtu aliyesema anakwenda Bulabo mwanzoni alimaanisha Misa, na baadaye akamaanisha Misa na ngoma. Mtoto wake, ambaye huenda hakubatizwa kabisa, akamaanisha ngoma tu. Maana za maneno huhama hivi, kwa kuishi jirani: kitu cha pili hukaa kando ya cha kwanza kwa muda mrefu, mpaka siku moja jina likawa lake.

Siasa nazo ziliongeza uzito wa Bujora. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, na ng'oma za watemi zikabaki bila kazi. Baadhi ya mali hizo zilihifadhiwa kwenye kilima cha Clement. Jumba la makumbusho ya Wasukuma likafunguliwa huko mwaka 1968, likiwa na banda la ng'oma lililojengwa kwa umbo la kiti cha ntemi. Watemi wasio na dola walipata mahali pa kukaa kwa heshima walau mara moja kwa mwaka, na mahali hapo palikuwa Bulabo.

Na Geita? Geita ilipata sehemu yake kwa miguu ya wahamaji. Nchi hii ilikuwa ya Wazinza na ya Warongo, mafundi waliofua chuma na majembe, na misitu yake mingi ilishikwa na mbung'o. Kisha serikali ya kikoloni, ikiona ardhi ya Usukuma ya kati imechoka kwa watu na ng'ombe, ilianzisha mwaka 1947 mpango wa maendeleo ya Sukumaland, na sehemu ya mpango huo ilikuwa kufungua maeneo ya Geita kwa walowezi wapya. Kaya kwa kaya zilisogea magharibi na mifugo yao. Mgodi wa dhahabu wa Geita, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, uliwavuta wengine waliotafuta fedha taslimu, kama machimbo ya Nyarugusu na Rwamagasa yalivyowavuta wajukuu wao baadaye. Walihamisha pia ushirika wao wa ngoma. Mtu aliyekuwa Mgalu Kwimba alibaki kuwa Mgalu Geita, na alipotaka kujipima aliuangalia uwanja uleule wa Kisesa, ng'ambo ya maji.

Leo Bulabo ni tamasha la serikali, la machifu na la Kanisa kwa pamoja, na kila mmoja huliona kuwa lake. Viwanja vya Red Cross Kisesa vimezoea wakubwa: ndipo Rais Samia Suluhu Hassan aliposimikwa kuwa Chifu Hangaya, Septemba 2021. Mgeni anayefika siku ya mashindano ataona majembe yakiruka, ataona chatu, na atasukumwa na umati unaohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Maua asiyatafute uwanjani. Apande kilimani, kanisani, na awahi asubuhi.

Kwa miaka mingi mtu wa Geita aliyekwenda huko alikwama Busisi akisubiri kivuko, pengine saa nzima, pengine mbili, vyombo vya ngoma vikiwa kwenye paa la gari. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, na siku mbili baadaye Rais alikuwa Kisesa kwenye Bulabo. Pasaka ya mwaka huo iliangukia tarehe 20 Aprili. Ukihesabu siku 60, kama walivyohesabu watu wa Liège, Bulabo yenyewe ilikuwa ile Alhamisi ya daraja.